Pesa ya mahari ipo, meneja anaitaka kwenye video. Waliowahi kutoka kimuziki naomba ushauri

FundiUmemeMbagala

Habari za jioni wakuu. Najua humu kuna watu walioshika maiki kweli, kwa hiyo naeleza bila kuficha.

Nina miaka 27, naishi Mbagala Rangi Tatu, kazi yangu fundi umeme wa majumbani. Muziki nimeanza nikiwa kidato cha pili. Nina ngoma saba studio, mbili zimewahi kupigwa usiku wa manane kwenye redio moja ya mkoani. Mwaka jana nikampata meneja. Ofisi hana, ila anajuana na watu, nimemwona kwa macho yangu akikumbatiana na mastaa wakubwa.

Sasa kasikia ngoma yangu mpya, anasema hii ndiyo ya kunitoa. Anataka 3,500,000. Milioni mbili za video, iliyobaki ya "kuisukuma". Yeye ataweka nguvu. Mimi kwenye simu nina 2,200,000 na hiyo ni ya mahari. Barua ya posa imejibiwa tangu mwezi wa nne, wakwe wako Lindi wanasubiri washenga warudi. Mchumba tuko naye mwaka wa tano. Nilipokuwa sina kazi yeye ndiye aliyekuwa akinipa nauli ya kwenda studio.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Meneja anasema hata pesa ingekuwepo ya kutosha, nisioe kwanza. Eti mashabiki wa kike ndio wanaombeba msanii, ukiingia na pete kidoleni umekwisha kabla hujaanza. Anataka nifute picha zote za mchumba kwenye kurasa zangu, na nikiulizwa niseme niko mwenyewe. "Miaka miwili tu, halafu utamuoa kwa harusi ya kurushwa laivu."

Mchumba bado sijamwambia. Mnanishauri nini? Waliopitia tu tafadhali, wa kejeli wapite.

Kidumu_Cha_Maji

Umesema wa kejeli wapite, napita. Ila kabla sijapita: meneja anayeweka nguvu huku pesa unaweka wewe, kuli wa Kariakoo ana nafuu. Kuli anabeba mzigo kwanza ndipo analipwa.

MzeeWaJenereta

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya kwanza niko kazini, ya pili nimeshafika nyumbani nimetulia.

Jina nililokuwa nalitumia sitalitaja, na anayelijua humu anisitiri. Ngoma yangu ilitoka 2006. Kwa umri wako ulikuwa darasa la pili au la tatu, basi uliiimba, hata kama hukujua maneno. Leo nakodisha spika na jenereta kwenye harusi na misiba, niko Tabata.

La pesa nilimalize haraka. Hiyo milioni moja na nusu ya "kuisukuma", muulize inakwenda kwa nani, jina kwa jina, na risiti. Akikujibu kwamba mambo ya mjini hayana risiti, umeshajibiwa. Mimi msambazaji wa Kariakoo alininunulia albamu nzima kwa milioni tatu. Nikasaini karatasi ambayo sikuisoma kwa sababu zile noti zilikuwa mezani zinanitazama. Kanda zangu niliziona Kigoma, nikaziona Songea, nikaziona kwenye ndoo ya muuza kanda pale kivuko cha Kigamboni. Hakuna shilingi nyingine iliyorudi. Na hizo zilikuwa za halali, feki sikuzihesabu.

Nililotaka kukuambia ni lile la pili.

Mimi 2006 nilikuwa nimeshaoa. Ndoa kamili, ya shehe na mashahidi, Manzese, pilau sahani kama arobaini. Mtoto wa kiume akazaliwa mwezi wa sita mwaka huohuo, ngoma ikiwa juu kabisa. Meneja wangu hakuniambia nimwache mke. Angeniambia hivyo ningemfukuza, nilikuwa na akili bado. Alisema tu, "Usiseme." Nami nikaona kunyamaza si dhambi, sijamwibia mtu.

Mwezi wa kumi tukaitwa redioni, kipindi cha mchana. Mtangazaji mcheshi, maswali ya utani utani. Akaniuliza, tumesikia una mtoto bwana. Kunyamaza hewani huwezi, mdogo wangu. Ndipo nilipojua kwamba "usiseme" ina siku yake ya kugeuka kuwa "kana". Nikacheka. Nikasema mtoto yupi, mimi mwenyewe mtoto, bado nanyonya kwa mama. Studio nzima ikacheka.

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Asubuhi nilimwambia mwenyewe asikose, staa anahojiwa leo. Akawaita majirani wawili. Mwaka ule mnaukumbuka, mgao wa umeme ulikuwa wa kutisha, kwa hiyo alitoka akanunua betri nne za redio kwa pesa ya mboga. Wakakaa barazani watatu, na mtoto kampakata.

Nikarudi saa sita usiku. Chakula kimefunikwa kama kawaida. Hakusema kitu. Asubuhi akaniuliza swali moja tu: "Wale majirani niwaambieje?"

Nikampa elfu kumi.

Sijui nilidhani elfu kumi itajibu nini. Mpaka leo sijui.

Baada ya pale ikawa ndio utaratibu. Kliniki alikwenda na dada yangu. Sikukuu ya Idi tukaenda Coco Beach, wao wakatembea nyuma yangu hatua kumi hivi, kama watu waliokutana njiani. Watu wakija kupiga picha na mimi yeye ndiye anapewa simu apige. "Dada samahani, tupige." Akapiga. Kapiga nyingi tu.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hakuna anayekusimulia, kwa sababu yanachekesha. Umaskini wa staa ni mbaya kuliko umaskini wa kawaida. Maskini wa kawaida anapanda daladala. Mimi nilipanda mara moja, konda akapiga kelele gari zima, "Jamani staa naye ananuka jasho na sisi!" Nikashuka kabla ya kituo changu. Kuanzia siku ile kama sina pesa ya teksi nasubiri giza, navaa kofia, natembea. Kinondoni hadi Manzese kwa miguu, saa tano usiku, huku kwenye baa zote za njiani wanapiga ngoma yangu. Mwezi mmoja nilipokea kadi za michango ya harusi kumi na nne. Jirani akiahidi elfu ishirini anashukuriwa, mimi nikitaja elfu ishirini kamati inatazamana. Mwenye nyumba naye akapandisha kodi, kasikia redioni kwamba nimejenga.

Baba alifariki niko Kahama. Taarifa ilikuja saa kumi jioni, shoo saa tatu usiku, promota ameshalipa nusu na ile nusu ilikuwa imeshaliwa. Nikaimba. Nilipofika Morogoro walikuwa wamezika kitambo. Nikaenda makaburini peke yangu, au nilidhani ni peke yangu. Vijana wawili wa pale mtaani wakanifuata, mmoja bado kashika jembe, wakataka niwasainie fulana. Nikasaini, nikiwa nimechuchumaa pale kwenye udongo mbichi. Naomba usiniulize kwa nini nilisaini. Nilikuwa nimeshazoea.

Nikisema najuta kuimba nitakuwa mwongo. Kuna usiku Mwanza, uwanja wa Kirumba, nilinyamaza kwenye ubeti wa pili kwa sababu pumzi iliniishia, na watu wakauimba wote mpaka mwisho bila mimi. Nikiukumbuka usiku ule mwili unasisimka hadi leo nikiwa nafunga nyaya. Kwa hiyo sikukatazi muziki.

2009 simu zikaanza kupungua. Hakuna anayekufukuza. Watu wanakuwa wapole, wanakuuliza, "Mbona kimya sana?" Hilo "mbona kimya" linauma kuliko matusi, kwa sababu hukunyamaza, umetoa ngoma tatu na hakuna aliyezisikia. Halafu nyuma ya mgongo ndio lile neno lenyewe: kafulia. Na usifikiri ni mimi tu niliyekuwa wa kawaida. Mwaka 2011 msanii 20 Percent alichukua tuzo tano za muziki za Kilimanjaro, mwaka mmoja, mtu mmoja. Nchi nzima ilikuwa inamtaja. Waulize vijana wa darasa la saba leo. Simjui binafsi na maisha yake siyasemi, nasema sisi wasikilizaji tunavyosahau.

Mke wangu aliondoka 2010. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala hatukugombana kwa maana ya kugombana. Alifunga nguo akarudi kwao Tanga. Mlangoni nikamwambia sasa nitakutangaza, twende popote, nitasema wewe ni mke wangu. Akaniambia: "Sasa hivi unaweza kusema, lakini hakuna anayekuuliza."

Kijana wetu alikaa na mama yake hadi alipomaliza shule ya msingi, kisha akaja kwangu kusoma sekondari. Alipokuwa kidato cha tatu akayaona yale mahojiano. Mtu alikuwa ameyahifadhi miaka yote, kayapandisha YouTube pamoja na mengine ya zamani. Akaja nayo kwenye simu, kaniwekea pale nilipokuwa natengeneza jenereta, tukasikiliza wote. Nilisikia sauti yangu ya miaka ile, nyembamba, imejaa furaha. Ikaisha. Akauliza, "Baba, Oktoba 2006 mimi nilikuwa wapi?"

Nikamwambia ulikuwa Manzese, una miezi minne.

Akacheka kidogo, akarudi ndani. Hajawahi kuuliza tena. Ni mtoto mzuri, ananisaidia kazi, kwenye harusi MC akinitambua na kupiga kelele "tuna staa humu ndani" yeye ndiye anayekuja kunipokea waya nipande jukwaani. Ila siku moja nilimpigia nikiwa nimekaa pembeni yake, nilikuwa naitafutia simu yangu mtandao. Kioo chake kikawaka. Kanisevu kwa lile jina la usanii.

BintiWaTarumbeta

Nimesoma jibu la Mzee nikaacha kupika.

Mimi ni mtoto wa mwanamuziki wa dansi. Baba alipiga tarumbeta kwenye bendi ya shirika, enzi zile wanamuziki walikuwa waajiriwa, wana mshahara na sare, kama ilivyokuwa NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo wa kwetu hakutafuta ustaa kwa mkopo kama nyinyi, na bado ulitugharimu. Utoto wetu wote ulikuwa wa kunong'ona. Baba karudi alfajiri kutoka ukumbini, kalala, msicheze, msisonge ugali kwa kelele, hata kuku mama alikuwa anawafukuzia kwa jirani. Tulimjua baba kama mlango uliofungwa hadi saa tisa alasiri. Saa moja usiku keshavaa, keshaondoka.

Jumapili redio ikipiga zilipendwa namsikia. Walirekodi Redio Tanzania kama bendi zote, kanda zikabaki kule. Sheria ya hakimiliki iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ni ya 1999, yeye alikuwa ameshafariki miaka mitatu kabla. Wanangu wakisikia lile tarumbeta nawaambia huyo babu yenu, wanaitika tu, kwao ni tarumbeta.

Baba alikuwa akimsimulia mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe kila akilewa. Ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, kafa na umri wa miaka 34. Halafu anasema, "Lakini jina limebaki." Mama siku zote alikuwa anamjibu kutoka jikoni kwamba jina halileti kuni.

Mdogo wangu fundi, umeandika kuhusu meneja, wakwe, mashabiki wa kike ambao hata hawajazaliwa. Mwenye jambo lake ni mchumba na yeye ndiye pekee ambaye hajaulizwa. Nauli ya studio alitoa yeye. Kwa hesabu hiyo meneja wako wa kwanza ni huyo, huyu mwingine kaja juzi.

Mtu_Wa_Vigodoro

Wakongwe heshima yenu, ila mnamtisha jamaa. Zama zimebadilika. Mimi naimba singeli, Manzese hiyohiyo ya Mzee, nina mke na watoto wawili, wanajulikana mtaa mzima na shoo napata. Video yangu ya kwanza nilipiga kwa simu ya shemeji, uani kwetu, watu wakacheza. Milioni mbili za video kwa msanii ambaye mtaa wake mwenyewe haujamjua ni kununua kapeti kabla ya nyumba. Imba kwenye vigodoro, kwenye bethidei za watu, waone unavyoimba. Hilo la kuficha mchumba nalo ni la kizamani. Siku hizi watu watamtafuta mtandaoni mpaka wampate, halafu utakuwa mwongo pamoja na kuwa huna hit.

MzeeWaJenereta

@Mtu_Wa_Vigodoro ni kweli, kijana. Sisi tulipitia mlango mmoja na funguo zilikuwa za watu wachache. Nyinyi mnaruka ukuta. Ila ukianguka ng'ambo ya ukuta bado unavunjika mguu uleule.

FundiUmemeMbagala

Wakuu, nimekaa kimya siku nne, samahani. Nilikuwa na kazi ya waya Kongowe, na hata hivyo sikujua niandike nini baada ya jibu la Mzee.

Nimemwambia. Jumapili, nyumbani kwa shangazi yake, nikamweleza yote, pesa na picha na "miaka miwili tu". Nilitegemea alie. Akaomba kwanza asikie ngoma. Akaisikiliza mara mbili kwa spika za masikioni, mimi nimekaa nasikia ile tsss tsss tu, nikasema leo naachwa. Akasema korasi nzuri ila mwanzo mrefu mno, sauti inachelewa kuingia.

Kisha akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: mahari ni haki yangu mimi, si ya baba, si yako, na kwa meneja ndiyo haramu kabisa. Kwa hiyo kama unaitaka kwa ajili ya muziki unanikopa mimi. Nioe kwanza, ikifika mkononi mwangu niombe, tuandikishiane, na mimi nitaamua. Nikamwambia sawa. Akasema subiri sijamaliza. Siku hiyo ukiulizwa redioni mtaji umepata wapi, utasema umekopa kwa nani?

Nikakosa jibu. Akacheka, akanipa chai.

Meneja nimemtumia lile swali la Mzee, pesa ya kusukuma inakwenda kwa nani, majina na risiti. Tiki mbili za bluu tangu Jumatatu. Jana nimemwona kwenye status yake kapiga picha na kijana mwingine, kaandika "kipaji kipya, kaeni mkao wa kula".

Washenga wanaondoka Ijumaa kwenda Lindi. Kama ngoma itakuwa na video au haitakuwa nayo sijui. Roho inaniuma kidogo, nisiseme uongo. Usiku nikilala naiona ile video ilivyotakiwa iwe, na magari yake.

MzeeWaJenereta

Itakuuma, hilo haliondoki.

Nitumie hiyo ngoma inboksi niisikilize. Na huo mwanzo ukate. Huyo binti ana masikio.